Heleri Yenye Tundu

Nilikuja Masoko kuona ngome,
nikakuta foleni ya watu wenye kesi.
Mahakama ya Mwanzo, kibao kinasema kwa rangi ya bluu,
herufi ya mwisho imeliwa na mvua,
na ndani ya kuta zile nene, nene kama kiburi,
mama mmoja alikuwa anaeleza
jinsi migomba ya shemeji yake
ilivyovuka mpaka usiku,
mche leo, mche kesho kutwa.

Nikasubiri. Nani asimamishe migomba
kwa ajili ya mtu wa kamera?

Mwenye funguo ni Tusajigwe Mwakibete.
Amezifunga kwenye gunzi la mahindi zisipotee.
Hana sare. Daftari la wageni lilikuwepo, alisema,
likaisha kurasa, na hakuna aliyeleta jingine;
tangu hapo wageni wanaandikwa kichwani.
"Wewe ni wa nne tangu mvua zianze."

Akanipeleka nyuma, kwenye vyumba visivyo na kesi.
Paa limetoboka. Kuvumwani inapanda ngazi
kwa subira ambayo jeshi halina.
Kwenye tundu la kupitishia mtutu ndege amejenga,
na mbuzi wa karani amezaa pacha
mahali ambapo, kwa hesabu ya Tusajigwe,
palilazwa baruti.

"Haya mawe," alisema, "babu yake mama aliyabeba kutoka mtoni.
Sikuambiwa mangapi. Niliambiwa bega lake moja
lilibaki chini ya lingine mpaka alipokufa,
hata kaburini alilazwa upande."
Akaupiga ukuta kofi,
kama mtu anavyompiga ng'ombe wake mwenyewe ubavuni.
"Kwa hiyo na mimi nina hisa hapa."

Nilikuwa na kalamu. Nikaandika: hisa.

Makaburi yako ng'ambo ya kahawa.
Moja lina jina, cheo, na tarehe
kwa herufi zenye pembe kama miiba.
Mengine ni mawe tu, na magimbi yaliyonawiri katikati.
Hawa ni akina nani?
"Askari."
Askari wa nani?
Akainua mabega, na yake yako sawa.
"Wa aliyewalipa."
Tulipokwisha kuupita ukingo akageuka:
"Au aliyewaahidi."

Kwenda ziwani hakuna njia, kuna utelezi.
Nilishuka nusu kwa miguu, nusu kwa makalio,
yeye mbele na kandambili zake, hata tope halimfahamu.
Kisiba limetulia ndani ya shimo lake
kama uji ambao mgonjwa ameukataa.
Watu husema waliokimbia walitupa humo fedha.
Njiani mmoja aliniambia mfuko. Wa pili, sanduku.
Karibu na maji yalishakuwa masanduku saba;
kila ukiteremka hatua, mali inaongezeka.

Kijana Gwamaka alikuwa anaosha baiskeli.
Nyuma, kati ya nati na keria,
niliiona: heleri, nyeusi, imelika ukingo,
ile ya zamani yenye tundu.
Nikampa elfu tano. Akacheka.
Nikasema kumi.
"Nikiitoa, keria inaanguka,
na kesho nina mikungu sita ya kupeleka Tukuyu."

Nilichuchumaa nichungulie tunduni,
nione dola nzima ikiwa duara dogo la mwanga,
lakini tunduni mmejaa bolti.
Imebana vizuri. Haichezi.

"Ndaga," nikamwambia, sijui kwa lipi.

Juu, watu walikuwa wanatoka kwa vicheko na miavuli.
Hukumu imesomwa, Tusajigwe alinitafsiria kelele zile:
migomba imeamriwa irudi ilikotoka.
Nani ataibeba,
hakimu hakusema.